Dola kumi, Jumamosi nne: formasio ya watoto juu ya habari za uongo pale Himbi

Nianze na bei juu najua njo mtaniuliza kwanza. Dola kumi kwa mtoto moja, Jumamosi nne, saa tatu ya asubuhi mpaka saa sita. Biki na karatasi wanatoa wao, kukula ni juu yako. Iko mu sale ya parokia moja pale Himbi, hapa kwetu Goma, mabati juu, mvua ikipiga hamsikilizani tena. Kundi lenyewe ni vijana wanne, wawili walifanyaka radio, moja ni mwalimu wa sekondari, na kuna msichana moja wa kompyuta. Jina lao silitaji hapa juu kuna mambo ntasema hayatawapendeza, na hayo yote nilishawaambia uso kwa uso, hakuna haja ya kuwaharibia mu mji mzima.

Mimi ni nani wa kupima mambo ya formasio? Mimi nauza yunite za kupiga simu, nauza mega za intaneti, natuma na kutoa pesa za simu, kibanda changu kiko Katoyi. Na ntawaambia kitu kimoja mfanyabiashara hapendi kusema: siku ya fununu ni siku yangu ya soko. Ikianza kusemwa kama mlima unapasuka, ao kama watu fulani wameingia mahali fulani, kwa nusu saa foleni inafika ku mtaro. Watu wanakuja wananunua mega mbiombio na nawasikia wanavyosema, "nipe za kutuma hii odio kwa wenzangu". Za kutuma! Miaka yote nauza, sijasikia mtu moja ananiambia nipe mega nikahakikishe.

Na mimi mwenyewe siko msafi. Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, ilikuwa Jumamosi jioni, mnakumbuka, mbingu ya upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa moto, iligeuka nyekundu tukabeba watoto na magodoro. Lava ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Hiyo haikuwa fununu. Leki siku zile zilizofuata, mutetemeko usiku na mchana, kuta zinapasuka, nikapata odio ya mwanaume anaongea na sauti ya kulia: "Ndugu zangu, nimetoka sasa hivi ku OVG, leo saa kumi usiku ziwa litapasuka, kimbieni." (OVG njo ofisi inayochunga mlima.) Sikuuliza kitu. Nilituma kwa kikundi cha kanisa, cha familia, cha wauzaji yunite, cha wazazi wa masomo. Mama mkubwa wangu aliye na ugonjwa wa sukari alitoka Ndosho usiku na mguu, akalala njiani, dawa ziko nyumbani. Ziwa halikupasuka saa kumi. Alafu siku zile hazikuisha vizuri, tarehe 27 njo serkali yenyewe ikatoa amri kama sehemu ya mji ihame, tukaenda Sake na ile umati yote, tukarudi mwanzoni mwa mwezi wa sita. Kwa hiyo mpaka leo mama mkubwa anasema odio yangu ilikuwa ya kweli, ilikosea tu saa. Na mimi sikuwaka na jibu la kumpa. Hilo jambo liliniuma miaka, ntalirudilia.

Basi niliposikia kuna formasio ya kufundisha wanafunzi namna ya kupima habari, nikamuandikisha binti yangu, iko umanite ya pili (sekondari), na wale vijana wakasema mzazi anaweza kukaa nyuma bure. Nikamuachia mdogo wangu kibanda nikaenda kukaa nyuma.

Jumamosi ya kwanza nusura nidai pesa zangu. Saa tatu ikawa saa ine na robo. Watoto kama makumi tatu, viti havitoshi, wengine wamekaa wawili wawili ku kiti kimoja cha plastiki. Kuran ya umeme haikuwako kwa hiyo projekta ikakaa mu mfuko wake kama mgeni. Na somo lote na Kifaransa. Kifaransa kile cha kitabu, tena kikubwa. Mwalimu akaandika ubaoni maneno matatu, watoto wakanakili kama diktasio, hakuna aliyeinua mkono. Wakatugawia foto za zoezi zilizopigwa fotokopi nyeusi na nyeupe. Foto ya lava! Nyeusi na nyeupe! Mtoto moja pembeni yangu akauliza mwenzake kama ni mto ao ni barabara. Nikacheka mpaka nikatoka nje.

Leki yale maneno matatu, nilipoyaelewa nyumbani, ni mazuri kweli. Kuna uongo ule mtu anasambaza bila kujua kama ni uongo (ni mimi huyo wa 2021), kuna ule mtu anatengeneza makusudi, na kuna kitu cha tatu ambacho hakiko ata uongo, ni kitu cha kweli kabisa kinatolewa mahali pake ili kimuumize mtu. Huo mgawanyo ulifanywa na watafiti wawili, Claire Wardle na Hossein Derakhshan, mu ripoti ya Baraza la Ulaya 2017. Cha tatu njo kinagusa watoto wetu zaidi, juu foto za msichana zikitoka ku simu ya mchumba wake na kuzunguka masomo yote, huwezi kusema "fake". Ni za kweli. Na ubaya ni ule ule ao kupita. Wangesema vile na Kiswahili siku ile ya kwanza, sale yote ingewaka. Walisema na Kifaransa, ikapita kama gari ya mkubwa.

Na hapa njo lawama yangu kubwa kwao, na kwa wote wanaofanya kazi hii hapa mjini, si wao peke yao. Uongo unatufikia na Kiswahili. Odio ni za Kiswahili, zingine Kinyarwanda, zingine Lingala. Lesoni ya kuupima inakuja na Kifaransa. Mtoto anatoka na neno "désinformation" mu kaye, akifika nyumbani odio inasema "ndugu zangu", haoni kama ni kitu kimoja.

Nilimwambia yule mwalimu kijana hivyo hivyo baada ya somo, kwa heshima, nikamwita mwanangu. Hakukasirika. Ntampa hiyo point.

Jumamosi ya pili ilikuwa siku ingine kabisa. Kiswahili. Kompyuta moja, watoto wamezunguka kama wanaangalia mupira, na foto ya rangi: lava imekata barabara, nyumba pembeni, nguzo za umeme, moshi. Chini mwalimu ameandika "Buhene, Goma, 22/5/2021". Akauliza: kweli ao uongo? Sale yote: kweliii. Mimi pia nilisema kweli, rohoni. Akanyamaza. Akasema, muangalie tena, leki musiangalie moto.

Kimya. Alafu mtoto moja wa Ndosho, mdogo, sweta imemzidi, akasema polepole: "Mwalimu, ku Buhene hakuna lami ya mistari ya njano katikati." Sale ikapasuka na kicheko juu ni kweli, Buhene lami yenyewe utaitafuta na tochi. Na baada ya hapo ilikuwa kama mvua. Moingine akasema nyumba ni ya mbao iliyopakwa rangi safi na mbele kuna majani yamekatwa vizuri. Moingine: hakuna mawe. Goma bila mawe meusi? Ata ukuta wa choo kwetu ni lava. Binti yangu akasema hakuna mtu ata moja amebeba godoro, hakuna chukudu (ile pikipiki yetu ya mbao ya kusukuma), hakuna mbuzi. Mwalimu akafungua: ni Hawaii, mlima Kilauea, 2018, kwartie inaitwa Leilani Estates, lava iliunguza nyumba zaidi ya 700 pale na kwartie za jirani. Foto ni ya kweli kabisa. Uongo ni yale maneno ya chini, na hayo aliandika yeye mwenyewe jana usiku akiwa kitandani.

Hilo "usiangalie moto" nililibeba nyumbani. Moto njo unakamata macho, na mtu mwenye kudanganya anajua. Vitu vya pembeni njo vinaongea: alama za barabara, plaki za magari, miti, nguo, kivuli, maandishi ya duka. Na jambo moja lilinifurahisha, mtoto hakuhitaji mega ata moja. Alihitaji kujua Buhene. Mtu wa Paris angetumia mashini kutambua kitu ambacho mtoto wa Ndosho alikiona na macho.

Alafu akaleta odio. Hapo njo nilikaa vizuri ku kiti. Haikuwa ile yangu, leki ni ndugu yake mmoja tumbo moja: mwanaume, pumzi inakatika, ndugu zangu, nimetoka sasa hivi, leo usiku. Akawaambia watoto waandike kila neno linaloonyesha nani, wapi, lini. Walihangaika. Jina? Hakuna. Anafanya kazi gani kule? Hasemi. Lini? Msichana moja akasema "leo". Mwalimu akamuuliza:

"Leo ya lini?"

Akarudilia, leo ya lini? Odio ikitumwa Jumatatu, ni leo. Ikitumwa Alhamisi, ni leo. Ikitumwa mwaka kesho, bado ni leo. "Sasa hivi" haina tarehe. Mtu anayetaka uhakikishe anakupa tarehe, saa, jina na mahali. Mtu anayetaka ukimbie anakupa "leo". Watoto wakashika neno hilo kama wimbo, kutoka sale mpaka ku njia ya pikipiki wanaulizana leo ya lini, leo ya lini. Mimi nilikuwa nyuma yao natembea polepole, nafikiri mama mkubwa na ile njia ya Sake.

Na pale mwalimu alieleza kitu nilichotafuta miaka. Ziwa Kivu lina gaz chini, methane na gaz karbonike, mingi sana, hiyo ni kweli. Kule Kamerun, ziwa Nyos, mwaka 1986, gaz karbonike ilitoka usiku moja ikaua watu zaidi ya elfu moja na mia saba, hiyo pia ni kweli. Kwa hiyo mwenye kutengeneza odio hakutunga kutoka hewani, alichukua ukweli mbili akaongeza saa kumi ya usiku. Na amri ya kuhama ya tarehe 27 ilikuja kwa sababu zake, na mtu wa kuisaini alijulikana. Odio yangu haikukuwa ya kweli iliyokosea saa. Saa njo ilikuwa odio yenyewe, ukitoa saa hakuna kitu kinabaki cha kutuma. Nilitaka kumpigia mama mkubwa palepale.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya simu, ntaipitisha haraka juu nusu yake haikufaulu. Walitaka kuonyesha namna ya kutafuta foto na Google Lens, unaiweka inakuonyesha ilikotokaka, na kitu ingine ya kompyuta inaitwa InVID ya kukata video vipande vipande. Vizuri. Leki kati ya watoto makumi tatu, waliokuwa na simu yenye intaneti ni tisa, na kati ya tisa wenye mega ni wanne, nilihesabu, hesabu ya mega njo kazi yangu. Wale wengine walikuwa wanachungulia mabega. Walisema watatoa wifi, wifi haikutoka. Kama unapanga somo la mega, weka mega mu ile dola kumi ao sema wazazi watoe kumi na moja, si aibu.

Kilichobaki kwangu siku hiyo ni vitu viwili. Cha kwanza ile mishale miwili ya WhatsApp. Nimeuza mega miaka yote na sikujua! Ujumbe ukiwa na mshale moja, umetumwa tena na mtu. Ukiwa na mishale miwili, umeshapita mikono mitano ao zaidi, yaani aliyekutumia siye aliyeona, na aliyemtumia yeye pia siye. Na tangu 2020 ujumbe wa mishale miwili hauwezi kuutuma kwa watu wengi kwa pigo moja, unatuma kwa moja moja. Njo maana wateja wangu wanalalamika kama simu "imegoma". Haikugoma mama, inakuambia kitu.

Cha pili ni hadithi ya Stanford, kule Marekani. Watafiti wawili, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walikalisha watu mbele ya kompyuta: wanahistoria kumi wenye dokta, wanafunzi wa université 25, na watu kumi ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wakawapa tovuti mbili za madaktari wa watoto, majina yanafanana, moja ni chama kikubwa cha zamani, ingine ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Maprofesa na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakasoma kutoka juu mpaka chini, wakaangalia uzuri wake, logo, maneno makubwa, na wengi wakapotea. Wahakiki waliingia, wakatoka mbiombio, wakafungua kurasa zingine kuuliza hawa ni nani, wengine wanasema nini juu yao. Waliosoma kidogo njo walielewa zaidi. Utafiti ulitoka 2017.

Mwalimu akaita hiyo "kusoma kwa pembeni". Mtoto ule wa sweta akasema: "Ni sawa kuuliza majirani kabla ya kupangisha mtu nyumba." Njo hiyo! Hauketi na mpangaji saa tatu unamuangalia meno. Unaenda kuuliza kwartie alikotoka. Na hapo tena mega haihitajike sana, unaweza kufungua radio. Radio Okapi iko tangu 2002, inatoa habari na Kifaransa na lugha zetu zote ine, Kiswahili kimo, na radio ingine za hapa ziko, ukisikia jambo kubwa ku WhatsApp na radio mbili tatu zinacheza paka muziki, ngoja kidogo. Ao pigia mtu anayeishi mahali pale. Yunite ya dakika moja. (Ndio, nauza. Ata kama.)

Sasa tatizo. Ule wiki kati ya ya tatu na ya ine, binti yangu aligeuka kitu kingine. Kila neno, "preuve iko wapi?", yaani ushahidi. Mchungaji akitangaza mchango, preuve. Baba yake akisema mshahara umechelewa, anacheka. Sawa, hiyo tulivumilia. Siku ya Jumatano wamama wa relais, wale wa kupitisha habari za afya, wakapita mu avenue kusema kipindupindu kimeonekana chini kule, tutie klori mu maji ya kunywa. Binti akatoka mlangoni akawauliza mbele ya watu, mlitumwa na nani, mnalipwa shingapi, preuve iko wapi. Akarudi ndani na kiburi, akakunywa kopo la maji ya bidon bila klori ili nione.

Niliogopa kuliko siku ya odio. Juu 2021 nilikuwa mjinga wa kuamini yote, na sasa nimelipa dola kumi nipate mjinga wa kukataa yote. Ni ugonjwa moja, umegeuza nguo. Wote wawili hawapimi.

Jumamosi ya ine nilifika saa mbili na nusu, nikamkamata mwalimu ku mlango kabla hajafungua sale. Nikamuelezea klori. Alikaa ku ngazi. Akasema, mama, hii ni kosa yetu, siku tatu tumewaonyesha uongo tu, hatukuwaonyesha ata mara moja habari ya kutisha iliyokuwa ya kweli. Na akabadilisha somo palepale, programu aliyokuwa nayo akaikunja akaiweka mfukoni.

Akaanza na Ebola. Watoto hawa walikuwa wadogo, leki wanakumbuka kunawa mikono kila mahali na kupimwa joto ku kipaji cha uso. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, Goma ilipata mgonjwa wa kwanza mwezi wa saba 2019, na ulimalizika mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya elfu mbili wamekufa, wengi upande wa Beni, Butembo, Mangina, Katwa. Akawaambia kuna watafiti walienda kuuliza watu wazima 961 kule Beni na Butembo, mwezi wa tisa 2018, na karibu moja kati ya wanne alisema Ebola haiko. Na wale waliosema haiko hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na sababu: wameuawa miaka mingi hakuna aliyekuja, alafu ghafla kwa ugonjwa moja magari meupe yanajaa. Mtu aliyedanganywa mara mingi anaona kukataa ni akili. Leki virusi haikuuliza kama una sababu.

Sale ilinyamaza. Msichana moja akasema shangazi yake alikufa Butembo, familia iliiba mwili usiku wauzike wenyewe, na baadaye walikufa wengine wawili. Hakulia. Alisema tu, akakaa. Mwalimu hakuongeza kitu, na hapo nilimheshimu, juu mwingine angegeuza hiyo kuwa hubiri.

Baada ya muda binti yangu akainua mkono, akauliza: sasa wale wamama wa klori ningewauliza nini? Njo swali la dola kumi hilo. Wakatengeneza pamoja: unauliza mlitoka santre ya afya gani, unaenda ao unapiga simu ku santre, unauliza kama kuna wagonjwa. Na wakati unangoja jibu, unatia klori? Wakagombana sana. Mtoto wa sweta akasema ukitia klori na haikuwa kweli, umepoteza nini, harufu. Usipotia na ilikuwa kweli, umepoteza mtu. Kwa odio ya kukimbia usiku ni tofauti, ukikimbia bure mtu mgonjwa anaweza kufia njiani. Kwa hiyo unapima pia kosa litakugharimu nini upande huu na upande ule. Sijui kama hiyo iko mu kitabu chao. Ilitoka pale mu sale.

Kilichobaki siku ile kilikuwa hovyo kidogo. Dakika kumi na tano tu juu ya foto na sauti zinazotengenezwa na akili bandia, na ushauri wenyewe "muhesabu vidole". Vidole! Hiyo ilikuwa ya zamani, siku hizi mashini inachora vidole vitano vizuri kupita vyangu. Na sauti je? Odio njo mkate wetu hapa, mtu akiiga sauti ya kiongozi ao ya baba yako anayeomba pesa, utahesabu vidole gani? Hapo walipaswa kuweka Jumamosi nzima. Alafu mmoja wao akasoma sheria ya Kongo ya numeriki (mambo ya intaneti) ya 2023, kama anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu anaweza kufungwa mwezi moja mpaka sita na kulipa faini. Ni vizuri kujua. Leki aliisoma na sauti ya kutisha na niliona watoto wanazima simu. Mtoto akiogopa hatauliza tena, atanyamaza, na kunyamaza sijui kama njo tulikuja kusomea.

Na breve, ile karatasi ya kuonyesha umemaliza. Walisema bure, mwishoni ikawa dola tatu "ya impresio". Wazazi waliguna. Mimi nililipa, jina la binti limeandikwa na kosa.

Kitu ambacho hawakufundisha kabisa, na ntawaomba wakiweke mu programu, ni namna ya kumrudishia mkubwa. Kwetu mtoto hawezi kumwambia mama mkubwa "umetuma uongo". Atapigwa kofi na atakuwa amestahili. Foto ya Hawaii ni rahisi, Hawaii haina umri. Binti yangu alijitafutia njia. Wiki mbili zilizopita mama mkubwa alileta odio mpya, mishale miwili, mambo ya benki na noti za dola. Binti akakaa chini pembeni yake, akamshika simu na mikono miwili, akasema: "Mama mkubwa, nisaidieko, huyu baba anasema leo. Nataka nijue ni leo ya lini, nisije nikachelewa." Mama mkubwa akasikiliza tena. Na tena. Akasema, hajasema. Alafu akasema, na ile ya 2021 ilisema?

Mimi nilikuwa mlangoni, nikajifanya natafuta chenji.

Mukinidai points: saba juu ya kumi. Ya kwanza ilikuwa tatu, ya pili ni kumi kamili, ya tatu tano, ya ine nane juu mtu alikubali kosa na kugeuza somo kabla ya saa tatu, hiyo sijaiona mara mingi kwa walimu wenye umri wangu. Ningelipa tena? Ndio, kwa mdogo wake, akifika umanite ya kwanza. Kwa umri wa chini ya hapo naona bado, watatoka na "preuve iko wapi" peke yake.

Kikundi kipya wanaanza mwezi ujao. Muende mapema, viti havitoshi, na mumpe mtoto mega kidogo ya Jumamosi ya tatu. Kwangu Katoyi ziko.